"We toa tu ulichonacho"

Haya ni maneno niliyoongea juzi mbele ya vijana wachoraji hapa Dar. Kuna dada alirekodi kwenye simu akanitumia, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nimetoa kukohoa kwangu tu.

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Huko nyuma mnanisikia? Maiki inakoroma kidogo lakini tutaenda nayo hivo hivo.

Wakati naingia hapo nje nimemkuta kijana kapanga picha zake ukutani, nzuri kweli, kuna moja ya wavuvi wa Feri alfajiri wanashusha samaki, ule mwanga wa taa juu ya maji kaupatia mpaka nikasimama. Nikamuuliza hii bei gani mdogo wangu. Akacheka, akaangalia chini, akajikuna shingo, akasema "aah dada, we toa tu ulichonacho". Nikamwambia nina buku mbili. Akanyamaza. Sasa mi sijaja kumcheka mtu, sitamtaja na yeye asijioneshe, ila mwaka huu natimiza 17 kwenye hii kazi na ukiniuliza ni kitu gani kimenilia hela kuliko vyote, kuliko wezi, kuliko masika, kuliko corona, ntakwambia ni hiyo sentensi. Nimeisema mi mwenyewe miaka na miaka, tena kwa tabasamu.

Nimefundishwa kazi na mjomba wangu, na yeye kafundishwa na watu waliofundishwa na wanafunzi wa Tingatinga mwenyewe. Najua humu kuna wanaochora staili ya Tingatinga na hawajui kwamba lile ni jina la mtu, msikasirike, nimeshakutana nao. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932, kafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla hajaingia Dar, akaanza kuchora kama mwaka 1968 hivi, anachukua vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, anachora chui, ndege, tembo, picha zinauzwa pale Morogoro Stores Oysterbay ambako wazungu walikuwa wanakuja kununua mahitaji yao. 1972 polisi wakampiga risasi, walimdhania mtu mwingine. Hesabu hapo. Miaka minne. Mtu kachora miaka minne tu, na leo nenda Zanzibar, nenda Arusha, nenda Mombasa, kila duka la zawadi lina chui wake mlangoni. Ndugu zake na wanafunzi wake ndio walioibeba mpaka 1990 wakasajili chama cha ushirika, na hela kubwa ya ile staili yeye hakuiona. Hilo huwa linanikaa kichwani sana, hasa mwisho wa mwezi.

Basi mi nimeanzia kwenye graundi. Mjomba hakunigusisha mnyama miezi sita, kazi yangu ilikuwa kupaka nyuma tu, ile rangi inayoanza nzito chini inapanda inakuwa nyepesi juu kama jua linataka kuzama, na ile lazima uichanganye palepale ikiwa mbichi maana rangi ya mafuta ikishaanza kushika brashi inaacha michirizi na mjomba akiona mchirizi hasemi kitu, anachukua tina, ile ya kuyeyushia rangi, anafuta yote, unaanza upya. Baadaye nikapandishwa cheo nikawa wa madoa. Mnajua ndege kanga ana madoa mangapi? Mi najua. Kuna wiki nilikuwa naamka usiku naona madoa kwenye neti. Na chini ya kila picha naandika jina la mjomba, sio langu, ndo utaratibu wa kibandani na silalamiki, nilikuwa nakula kwake na nalala kwake.

2012 nikaanza kujitegemea. Kujitegemea maana yake nilikuwa na brashi zangu, kopo zangu za rangi, na bosi mmoja anayenunua picha kwa jumla anapeleka kwenye maduka Zanzibar. Alikuwa anachukua picha ya futi mbili kwa mbili kwa sh 15,000. Mi nikaona nimetoboa, kwa wiki natoa picha nne, mia sita sita... samahani, elfu sitini, kila Jumamosi mkononi keshi. Nilinunua viatu.

Miezi ikaenda, viatu vikaisha, hela sizioni. Nikawa nasema nimelogwa, kuna jirani hata nilianza kumwangalia vibaya. Siku moja mvua inanyesha hakuna kazi nikachukua daftari la mtoto wa dada yangu nikaanza kuandika, na hii hesabu ntawasomea kama ilivyo kwa sababu lile daftari ninalo mpaka leo. Picha nne, 60,000. Kitambaa na mbao za kuwambia, 5,000 kila picha, jumla 20,000. Rangi na tina, nikigawa vizuri, 3,500 kila picha, 14,000. Zimebaki 26,000. Naishi Mbagala nachorea Msasani, daladala mbili kwenda mbili kurudi, 1,600 kwa siku, siku sita, 9,600. Zimebaki 16,400. Wali maharage mchana, 1,500, siku sita, 9,000. Zimebaki 7,400.

Elfu saba na mia nne. Kwa wiki! Na hapo sijaweka kodi ya chumba, sijaweka vocha, sijaweka sabuni. Wakati huo kaka yangu mdogo alikuwa saidia fundi, anabeba zege, analipwa elfu kumi kwa siku na jioni anarudi hadaiwi na mtu. Mi naitwa msanii, yeye anaitwa kibarua, na yeye ndo alikuwa ananikopesha mimi.

Jirani hakunifanya kitu, maskini. Nilijiloga kwa kalamu ambayo sikuishika.

Jumamosi bosi akaja nikamwambia kuanzia leo ni 25,000. Jamani nilisema huku natetemeka, sauti imetoka kama ya mtoto anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Akacheka, akaniambia dada wewe mbona ulikuwa na akili, akazichukua za wenzangu akaondoka. Wiki mbili hakuja. Mwezi hakuja. Nisiwadanganye kwamba ukipandisha bei mbingu zinafunguka, hapana, nilikula ugali na mlenda mpaka mlenda ukanizoea. Nilikaa miezi miwili bila kuuza hata moja kwa jumla, na ndani ya hiyo miezi miwili, kwa sababu ya njaa na wala sio kwa sababu ya busara, nikaanza kubeba picha mwenyewe nawapelekea wanunuzi wa mwisho, kwenye maonesho ya Jumamosi, maofisini, kwa mama mmoja anayepangisha vyumba kwa wageni. Ile ile ya futi mbili kwa mbili nikawa nauza 60,000. Sasa fikiria, kumbe siku zote hiyo ndo ilikuwa bei yake, mi sikuwepo tu pale inapotajwa.

Hiyo ya kuuza mwenyewe nayo ina vidonda vyake. Ngoja niwape viwili vitatu halafu mtauliza maswali.

Cha kwanza ni cha fremu, na sisemi fremu ya picha nasema fremu ya duka. 2014 nikaona nimekua, nikakodi fremu barabara ya lami, kodi 250,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, kwa hiyo milioni moja na nusu kabla hujapigilia hata msumari. Hela nikakopa, zile kampuni za mikopo ambazo mtaani tunaziita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mtu mwenye chuki. Watu walikuwa wanaingia wengi sana dukani kwangu. Wanaingia kukwepa jua. Wanapiga selfi na twiga, wanasema hongera dada una kipaji, wanatoka. Miezi nane nikafunga. Mahali watu wanapopita na mahali watu wanapokuja kununua picha ni vitu viwili, na kujua tofauti yake kulinigharimu na televisheni. Basi, hiyo tuiache.

Cha pili ni cha Ujerumani. Mteja wangu wa kwanza wa mtandaoni, kaiona picha Instagram, kalipa yote, 2016, mwezi wa nne. Nani ananiambia mwezi wa nne Dar kukoje? Mvua. Rangi ya mafuta wakati wa masika haikauki kama unavyoijua, juu unaona imekauka ukigusa haishiki kidole, kumbe ndani bado laini kama ndizi mbivu. Mi nina haraka ya kumfurahisha mteja, nikaivua kwenye mbao, nikaikunja upande wa rangi ukiwa ndani ili isichubuke, nikaweka gazeti katikati, nikaitia kwenye bomba la plastiki, Posta, EMS ile huduma yao ya haraka, najipongeza. Baada ya muda anatuma picha. Tembo wangu kagandana na gazeti kama andazi. Unaweza kusoma matokeo ya ligi kwenye sikio lake. Na pale alipokunjwa rangi imepasuka mistari mistari.

Nikamrudishia hela yote, na nauli ya Posta nikabeba mimi, siku ile nililia. Ila sikilizeni vizuri hapa maana hiki ndo kitu cha kiufundi nitakachowapa leo: picha ya rangi ya mafuta unaikunja upande wa rangi ukiwa NJE. Inaonekana kama ujinga lakini ukiikunja kwa ndani rangi inabanwa inajikunyata, na siku mteja anaikunjua inavunjika, ikiwa nje inavutika kidogo tu na akiitandaza inarudi. Bomba liwe nene, sio lile jembamba la umeme. Katikati weka karatasi isiyoshika rangi, gazeti kamwe. Na masika mi sasa hivi simtumii mtu kitu mpaka wiki tatu zimepita, namwambia mapema, dada subiri, huku mvua, na sijawahi kumpoteza mtu kwa kumwambia subiri. Yule Mjerumani mwenyewe alirudi mwaka uliofuata akanunua tatu.

Kopi. Najua mlikuwa mnaisubiri hii, nimewaona mnasogea.

Kuna picha yangu moja, daladala imejaa, konda ananing'inia, kuku wametoa vichwa dirishani, na mama mmoja kakaa siti ya nyuma kashika tikiti maji kama mtoto mchanga. Niliitoa kichwani kwangu, kwenye basi la Mbagala, yule mama nilimwona kwa macho yangu. Ikauza. Wiki ya pili napita kwenye mabanda naona daladala, kuku, tikiti. Banda la pili daladala, kuku, tikiti. La tatu huyu kaweka nanasi, angalau. Nikapandwa presha nikaenda kwa mjomba, shikamoo sijasubiri hata ijibiwe, mjomba wameniibia. Mzee akaendelea kukoroga rangi, akaniacha nimalize kufoka, akaniuliza "mpwa wangu, chui wako wa kwanza ulimtoa wapi?"

Nilikaa kimya. We ungejibu nini? Sisi wote tunakula kwenye sahani ya mtu aliyechora miaka minne.

Ila na mjomba sikukubaliana naye yote, na mpaka leo tunabishana. Sheria ya hakimiliki ipo, ya mwaka 1999, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ndo wanaoisimamia, kazi yako unaweza kuisajili pale. Sheria inalinda ile picha, haiwezi kukulindia staili wala wazo, yaani daladala yenye kuku ni ya kila mtu, lakini daladala YANGU, huyo mama, huyo konda, mpangilio ule ule mtu akainakili mstari kwa mstari, hiyo ni yangu. Hilo ni zuri kulijua. Sasa wewe mwenye picha ya elfu sitini utamfikisha mahakamani mwenzako ambaye kesho utaenda kumwazima tina? Mi nilichofanya ni kidogo tu, nikaanza kuandika jina langu kubwa linalosomeka, sio mchoro wa daktari, na nyuma ya kila picha naandika kwa kalamu ya wino jina lake, mwezi, mwaka, na ile stori ya mama wa tikiti kwa mistari mitatu. Wale wenye kopi hawana stori. Mteja akigeuza picha akakuta maneno anaishika tofauti, nimeona kwa macho, mikono inabadilika.

Haya, oda kubwa. Hapa nitaenda polepole kwa sababu bado inauma.

2019, hoteli moja, siitaji, ya mkoani. Meneja anapiga simu anataka picha 40 za vyumbani, zote pundamilia, zote futi mbili kwa mbili, juu ya hadibodi kama za zamani, na graundi iwe rangi ya maboga kwa sababu mapazia yao ni rangi ya maboga. Arobaini! Nilizunguka chumba. Bei tukakubaliana 50,000 moja, milioni mbili. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, bosi vipi kuhusu kianzio? Akaniambia sisi ni taasisi kubwa dada, tunalipa mzigo ukifika. Na mimi, mwenye daftari, mwenye hesabu, niliyejifanya nimejifunza, nikajisikia vibaya kumsumbua mtu mkubwa. Nikasema sawa bosi haina shida. Ile ile "we toa tu", imevaa suti.

Nikanunua hadibodi, nikanunua rangi, nikaita vijana wawili wanisaidie na hao nikawalipa. Wiki saba. Naweza kumchora pundamilia nikiwa nimefumba macho, sisemi kwa kujisifu nasema kwa masikitiko. Wanakauka naanza kupiga simu ya usafiri, meneja hapatikani. Kesho hapatikani. Baadaye anapokea mtu mwingine, meneja mpya, mpole sana, ananiambia dada yangu hiyo oda sina karatasi yake, na sisi mapazia tumebadilisha, sasa hivi ni bluu.

Karatasi. Wala sio mkataba wa mwanasheria, meseji moja tu ya WhatsApp yenye idadi, bei, tarehe na nusu ya hela. Siku hizi nusu haijaingia kwenye simu sikati mbao, hata awe shangazi, na niwaambie ukweli, shangazi ndo wa kwanza kuombwa nusu.

Nikabaki na pundamilia 40 wa rangi ya maboga chini ya kitanda, juu ya kabati, jikoni. Na nikijipa moyo kwamba watalii wa mwaka kesho watawamaliza, mwaka kesho wenyewe ukawa 2020. Mnakumbuka. Aprili ndege za kutoka nje zikasimamishwa, Mei wakaruhusu tena, lakini ruhusa ni kitu kimoja na mzungu kushuka ni kitu kingine. Mabanda yalikuwa kimya mpaka unasikia inzi.

Aliyeniokoa ni mama mwenye shule ya chekechea Kigamboni. Hata hakuja kununua, alikuja kuulizia nani anachora ukuta, akawaona pundamilia wamejipanga kama wanasubiri basi. Akachukua 11 kwa madarasa yake. Halafu akanipa na ukuta. Kutoka pale mwenye saluni kaniita, mwenye baa kaniita, kuna kaka alitaka simba nyuma ya bajaji yake, wazazi wanataka chumba cha mtoto kiwe na twiga mwenye jina la mtoto shingoni. Miaka yote nilikuwa nachora kwa ajili ya mtu atakayeshuka kwenye ndege na kumbe jirani zangu wana kuta. Mswahili anapunguza bei, ndio, atakulilia, atakwambia hali ngumu, atakuita mwanangu, lakini akishakubali anapiga lipa namba hapo hapo, na wiki ijayo anakuletea wifi yake. Leo zaidi ya nusu ya kazi zangu ni za humu humu Dar, na bei ya mzungu na bei ya jirani ni moja, imeandikwa, imebandikwa ukutani, simung'unyi tena.

Maswali ya TIN, ile namba ya mlipa kodi, na leseni yule mama wa TRA aliyekaa pale mbele atawajibu vizuri kuliko mimi, mi nitasema tu msimkimbie, maana oda za ofisi na mashule zinataka risiti na bila risiti unaishia kuwa mchoraji wa mtu mwingine mwenye risiti. Na hela ya kazi iwe na laini yake ya simu. Laini moja ya rangi, laini nyingine ya misiba na harusi. Mi mtaji wangu wa 2017 wote ulikwenda kwenye sendoff ya mtu ambaye siku hizi hatusalimiani.

Nimeambiwa dakika zangu zimeisha. Kuna mtu kauliza kwa kikaratasi wale pundamilia wengine waliishia wapi. Wameuzika mmoja mmoja, imechukua miaka, wamebaki wawili. Mmoja yuko kwangu sebuleni. Mwingine nimekuja naye leo, niliwapa wenyeji wamtafutie sehemu ya kumtundika, na naona mmemlaza pale kwenye meza ya mlangoni mmempangia chupa za maji juu yake kama sinia.

Huyo ni 180,000. Toeni maji.